Kambi Iliyowatangulia

Kemboi alikuwa mpishi, na kwa miaka mingi hakujulikana kwa jina jingine. Kule Mau Narok, kwenye shamba la ngano la Bwana Tranter, ungeuliza habari za Kemboi tu, watu wangetazamana. Ukisema Kemboi mpishi, wangekuonyesha moshi wa jikoni nyuma ya nyumba kubwa. Wazee wa kwetu waliomfahamu bado wanaisimulia safari yake ya mwisho na Bwana yule. Wanaisimulia mchana, watu wakiwa wengi.

Kwao ni Tugen, kwenye vilima vinavyotazama Ziwa Baringo. Huko alikuwa na mke, Jelagat, na watoto ambao aliwaona mara moja kwa mwaka, wakati wa Krismasi. Krismasi iliyotangulia safari hii, mtoto wake wa mwisho alikaa akimtazama anakunywa uji, kisha akamnong'oneza mama yake akitaka kujua huyu mgeni ataondoka lini. Jelagat akacheka ili mumewe naye acheke. Kemboi akacheka. Lakini neno lile lilimkwama kooni kama mwiba wa samaki, akarudi nalo Mau Narok.

Ulikuwa mwaka wa hamsini na saba. Ngano ilipokwisha kuvunwa, Bwana Tranter akauza shamba. Mkewe, Memsab Olive, alikuwa amefariki miaka miwili nyuma, akazikwa chini ya mti wa mtarakwa karibu na nyumba. Hawakujaliwa mtoto. Tangu hapo Bwana alikula peke yake kwenye meza ndefu ya wageni, redio ikijisemea, na sahani zikarudi jikoni na chakula nusu. Sasa alikuwa anarudi Ulaya. Lakini kabla ya meli, alimwambia Kemboi, alitaka kuifanya tena safari aliyoifanya na Memsab walipooana: kuteremka bondeni na kupiga kambi ufukweni, ziwa baada ya ziwa, Naivasha mpaka Baringo. Kemboi angepika. Safari ikifika Baringo kazi ingekuwa imekwisha, naye angepanda zake mlimani, nyumbani.

Kemboi alifurahi. Alifunga sufuria, debe lake la kuokea mkate, na kanzu yake nyeupe akaikunja ndani ya sanduku lake la bati.

Asubuhi ya kuondoka kulikuwa na baridi na umande. Dereva alikuwa Kiprugut, mtu mzima wa maneno machache aliyewahi kuendesha malori ya jeshi kule Burma. Alikuwa anaipasha moto Landrova. Bwana alikuwa ameelekea kaburini, na Kemboi akamfuata na kikombe cha chai. Akamkuta amesimama chini ya mtarakwa, kofia mkononi, anazungumza kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayesema na mkewe aliye chumba cha pili. Kizungu cha Kemboi kilikuwa cha jikoni, lakini hicho alikielewa. Bwana alikuwa anasema kwamba gari liko tayari, mpenzi wangu. Twende.

Chai ikapoa mkononi mwa Kemboi. Kwao, aliyezikwa huagwa. Hukumbukwa, huombwa radhi, humwagiwa maziwa. Haalikwi safari. Huenda akakubali.

Naivasha walifika jua likiwa bado juu. Ng'ambo ya maji mlima Longonot ulikuwa umekaa kimya, na viboko walikoroma kwenye mafunjo. Kiprugut alipata uwanda mzuri chini ya migunga ya manjano, lakini aliposhuka aliona wamewahiwa. Palikuwa na mashimo ya vigingi vya hema, mafiga matatu yenye majivu baridi, na alama za kiti kimoja cha turubai kilichotazamishwa majini. Kisha nyayo. Buti ndogo za kike, kisigino cha kulia kimelika upande wa nje.

Bwana aliinama akazitazama kwa muda mrefu. Aliposimama aliamuru hema ipigwe pale pale, kwenye mashimo yale yale. Kiprugut akachukua vigingi. Viliingia vyote bila nyundo, kama kisu kwenye ala yake.

Kemboi naye alikwenda kuangalia mafiga. Kando yake kulikuwa kumemwagwa uji wa Kizungu ulioungua mpaka ukawa kama lami. Alikaribia kucheka. Memsab Olive alikuwa mwema, mwanamke asiyemfokea mtu, lakini kila alichokiweka motoni kiliungua. Uji ndio uliomshinda kuliko vyote. Kisha akaona nyayo zilivyozunguka mafiga, zikienda na kurudi, zikienda na kurudi, kama za mtu anayetafuta jikoni kitu asichojua kinapowekwa.

Kicheko kikafa kabla hakijatoka.

Siku iliyofuata walipita Gilgil, askari wakawasimamisha barabarani na kutazama vipande vyao vya kitambulisho, kama ilivyokuwa siku zile za hali ya hatari, kisha wakawaacha waende. Elmenteita ufuko ulikuwa mweupe kwa magadi, mweupe wa kuumiza macho, na hapakuwa na mti wala mtu. Kambi ilikuwa pale. Mashimo ya vigingi, kiti kimoja, buti zile zile. Uji ulioungua. Kemboi alitia kidole kwenye majivu.

Yalikuwa na joto.

Kiprugut aliondoka, akatembea mbali kando ya maji, akazunguka mpaka nyuma ya mawe na kurudi. Alimkaribia Kemboi, akasema kwa sauti ya chini.

"Hakuna alama ya gari. Hakuna ya punda. Huyu mama alifika na nini?"

Kemboi aliendelea kumenya viazi. Hemani Bwana alikuwa ananawa, na alikuwa anaimba. Miaka miwili hawakumsikia akiimba.

Pale Nakuru walipiga kambi upande wa ziwa usio na watu. Flamingo walikuwa wengi hata maji yalionekana kama nguo ya waridi iliyotandazwa, na nyuma, mbali, garimoshi lilikuwa linapiga king'ora likiingia stesheni. Safari hii kwenye mafiga hapakuwa na majivu. Palikuwa na makaa mekundu. Bwana alimtuma Kemboi mjini na Kiprugut wakalete nyama na vitunguu, naye akabaki.

Kemboi alitembea sokoni kati ya watu waliokuwa wakijadiliana bei na kuitana majina. Hakuna aliyemwita lake. Aliona basi la kwenda Ravine likipakia magunia juu, na utingo akamuuliza kama anapanda. Ilikuwa rahisi tu. Kutoka Ravine ni kutembea, na angefika kwake. Kiprugut, amesimama kando yake, alisema yeye asingemlaumu. Kemboi alilitazama basi mpaka likaondoka. Baadaye, alipoulizwa kwa nini hakupanda, alisema kwamba mtu hamwachi mgonjwa njiani, na Bwana alikuwa mgonjwa, ila ugonjwa wake hauna jina.

Waliporudi walimkuta Bwana amenyoa ndevu na kufunga tai. Aliomba shati lake lipigwe pasi. Alikuwa ameketi anatazama upande wa kaskazini, njia ya kwenda mbele, akasema polepole kwa lugha yake kwamba wanakaribia. Hakuwa anawaambia wao.

Ziwa la chemchemi za moto, ambalo Wazungu waliliita Hannington, halikuwa na barabara ya maana. Landrova ilipanda na kushuka mawe mpaka mchana ukaisha nguvu. Pale chini, kando ya ukuta wa mlima, maji yaliruka kutoka ardhini yakichemka, na mvuke ulinuka mayai yaliyooza. Upepo ulikuwa umekufa. Ulipousikiliza ukimya, uliusikia ukitokota.

Kambi ilikuwa nyuma ya mvuke. Na safari hii haikuwa imeondoka yote. Birika lilikuwa juu ya mafiga, linachemka. Sanduku lilikuwa limegeuzwa likawa meza, na juu yake vikombe viwili vya chai vilivyokwisha kumiminwa. Kimoja kilikuwa kimenywewa nusu.

Bwana Tranter alikwenda moja kwa moja kwenye kile kilichojaa.

Kwa miaka yote aliyomtumikia, Kemboi hakuwahi kumwambia Bwana usifanye hivi. Siku ile alimshika mkono.

"Bwana, usinywe hiyo."

Bwana alimtazama kwa macho ya mtu aliyeamka vizuri. Hakuudhika. Alionja, akatabasamu, na akasema kwa Kiswahili chake cha shamba, "Iko na sukari yangu, Kemboi. Hajasahau." Kisha akanywa mpaka chini.

Jioni hiyo hakula. Kulipokucha hakula. Kemboi alimpelekea mkate aliouoka mwenyewe kwenye debe, ukarudi mzima, na alipougusa mkono wa Bwana akipokea sahani, ulikuwa baridi kama jiwe la mtoni, kwenye nchi ile ya moto. Bwana alimshukuru kwa adabu. Kisha akatembea kwenda majini. Kiprugut alikuwa anafunga mizigo, akaacha. Alimvuta Kemboi shati.

"Angalia nyuma yake."

Kemboi akaangalia. Tope la pale lilikuwa laini, hata ndege mdogo aliacha alama. Bwana alikuwa mtu mkubwa wa mifupa mizito. Alipita. Tope likabaki laini, bila unyayo hata mmoja. Akaingia kati ya flamingo, na flamingo hawakuruka. Walimpisha tu kidogo, kama wanavyopisha ukungu.

Walinong'onezana haraka kando ya gari. Kiprugut alitaka warudi Nakuru. Lakini kurudi nyuma ilikuwa ni kupita tena kambi zile, na hakuna kati yao aliyetaka kujua sasa kuna nini. Mbele kulikuwa na Marigat, kulikuwa na watu, kulikuwa na dresa wa zahanati. Wakakubaliana waende mbele. Bwana aliketi kiti cha mbele, wima, tai imenyooka. Walipofika Marigat na Kiprugut akapunguza mwendo, alitikisa kichwa kukataa, na Kiprugut, aliyewahi kuendesha chini ya risasi za Wajapani, hakuweza kukanyaga breki. Alisema baadaye kwamba mguu ulikuwa wake lakini haukumsikiliza.

Baringo walifika jua linazama. Maji yalikuwa ya rangi ya shaba. Juu yake vilima vya Tugen vilikuwa vimeanza kuwa vyeusi, na Kemboi akaona huko juu moto mmoja, mwingine, mwingine. Angejua mahali pa kutazama angeweza kusema upi ni wa kwake. Alitazama. Hakujua. Miaka yote ile, na hakujua moto wa kwake unaonekanaje kutoka chini.

Gari likasimama lenyewe.

Hema ilikuwa imepigwa ufukweni. Hema yao, ya kijani, yenye kiraka. Na hema yao ilikuwa imefungwa nyuma ya Landrova, Kemboi alikuwa ameuegemeza mgongo wake juu yake njia nzima. Mbele ya hema kulikuwa na meza, kitambaa cheupe, taa. Viti viwili. Kimoja kilikuwa na mtu. Alikuwa ameketi akiwapa mgongo, nywele zimefungwa juu, mabega membamba.

Bwana alifungua mlango akashuka. Alitembea bila haraka. Akavuta kiti cha pili, akaketi. Mtu yule mwingine alimwekea mkono juu ya mkono. Walikuwa wanatazama maji.

Kando yao moto wa jikoni ulikuwa unawaka. Sufuria ilikuwa juu, na harufu ya kitu kinachoungua ilifika mpaka garini. Kwenye tawi la mgunga juu ya moto kulikuwa kumetundikwa kanzu nyeupe, imefuliwa, imepigwa pasi. Ilikuwa na doa la pasi kwenye mkono wa kushoto. Kemboi aliliunguza mwenyewe. Kanzu hiyo alikuwa ameifungia sandukuni, na ufunguo wa sanduku ulikuwa shingoni mwake.

"Kemboi," sauti ya mwanamke ikaita. Haikuwa kali. Ilikuwa imechoka, na ilikuwa na aibu kidogo, kama zamani. "Uji umeungua tena. Njoo."

Miguu yake ikaenda.

Hakuiamuru. Miguu ilikuwa imeitikia sauti hiyo miaka na miaka, alfajiri, mchana, kwenye homa, kwenye mvua. Ilijua. Kiprugut alimshika bega, bega likateleza. Mchanga ulikuwa baridi. Kila hatua ilikuwa nyepesi kuliko iliyopita. Uchovu ulimtoka. Mwiba wa kooni ukamtoka. Akafikiri: hapa najulikana. Hapa nikiitwa naitwa kwa jina.

Akafika motoni. Mwiko ulikuwa pale. Akaunyosha mkono.

Ndipo, kutoka mlimani, mbwa akabweka. Mbwa wa watu tu. Kisha mwanamke mmoja huko juu akawaita watoto waingie ndani, kwa lugha ya kwao, sauti ndefu inayopanda mwishoni jinsi wanawake wa huko wanavyoita. Huenda hakuwa Jelagat. Vilima vile vina wanawake wengi. Lakini Kemboi alisimama. Akasikia uzito wa miguu yake ukirudi, na ukarudi na maumivu, kama damu inavyorudi kwenye mguu uliokufa ganzi. Akaurudisha mkono.

"Memsab," akasema. Akarudia. "Memsab. Mimi naenda nyumbani."

Mabega membamba hayakugeuka.

"Na sisi," sauti ikauliza, "nani atatupikia?"

Hakuna tishio lililokuwamo. Hilo ndilo lililomtesa Kemboi mpaka uzeeni. Lilikuwa swali tu, la mtu asiyejua jibu, aliye mbali sana na watu. Alitaka kulijibu. Angelijibu, asingetoka pale.

Ni Bwana aliyesema. Alisema kwa Kizungu, taratibu, bila kumtazama, na Kemboi akaelewa: mwache, Olive. Mwache mtu aende.

Taa ikazimika. Moto ukazimika. Giza likaingia mara moja, zito, lenye harufu ya majivu.

Kiprugut alimkuta amekaa mchangani, akamvuta mpaka garini, na wakajifungia humo mpaka kulipopambazuka. Hapakuwa na hema. Hapakuwa na meza wala shimo la kigingi. Bwana Tranter alikuwa ameketi mchangani karibu na maji, mgongo umeegemea mgunga, tai imenyooka, macho wazi. Alikuwa amekufa.

Serikali ilikuja, wakaulizwa maswali pamoja, kisha mmoja mmoja. Hawakupigwa. Hawakufungwa pia, kwa sababu daktari aliyemtazama maiti alisema moyo wake ulisimama wenyewe. Ila alimwita Kiprugut pembeni na kumuuliza, kwa sauti ya chini, kwa nini walimsafirisha. Alisema mtu huyu hakufa jana. Ana siku kadhaa.

Ikaamuliwa azikwe Mau Narok, ubavuni mwa mkewe. Kemboi angeweza kupanda mlimani palepale. Moshi wa asubuhi wa kwao ulikuwa unaonekana. Lakini Bwana hakuwa na ndugu, wala mtoto, wala mtu wa kumjua. Kiprugut hakuwa na wa kusaidiana naye. Kemboi akapanda gari mara ya mwisho, akaketi nyuma na sanduku la maiti, na Bwana akapita tena barabara yake yote bila kusimama mahali.

Kaburi lilichimbwa mchana. Vibarua watatu waliobaki shambani walichimba, na Kemboi akawa anawapokea udongo. Udongo wa Mau Narok ni mweusi, wa baridi, wa kustawisha viazi. Ulitoka mweusi mpaka shimo likawa kiunoni. Kisha, ule upande alikolala Memsab, jembe la mmoja wao likazama kama kwenye uji. Akalitoa. Lilikuwa jeupe.

Lilikuwa tope la magadi, limelowa. Ndani yake kulikuwa na manyoya ya flamingo, ya waridi, mabichi, mengi hata yakajaza karai. Vibarua wakapanda juu, wakakataa kushuka tena, na kazi iliyobaki ilimalizwa na Kemboi na Kiprugut.

Asubuhi ya maziko padri aliwahi kufika. Usiku mvua haikuwa imenyesha, na majani yalikuwa makavu. Alikwenda kaburini peke yake, akarudi haraka, akaomba madebe. Shimo lilikuwa limejaa maji mpaka nusu. Waliyachota, na aliyerushiwa tone mdomoni alitema, kwa maana yalikuwa ya chumvi. Walichota mpaka jua likawa kali, yakapungua, wakamteremsha Bwana Tranter haraka haraka kabla hayajapanda.

Kemboi ndiye aliyebaki wa mwisho ukingoni, koleo mkononi. Hapakuwa na upepo. Hata tawi la mtarakwa halikutikisika. Lakini yale maji machache yaliyobaki chini yalikuwa yanakwenda na kurudi, yanakwenda na kurudi, yakilamba upande wa sanduku, kama mawimbi madogo yanavyolamba ufuko.

Akamwagia udongo, na aliyasikia maji yale chini yake kwa muda mrefu.